Iulizeni Kamba Kwanza

Mwishoni mwa Septemba vilima vya Mbooni huwa vimekauka hadi majani yanavunjika mkononi kama karatasi. Mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo Ukambani huitegemea kuliko ya masika, bado haijaja. Huu ndio msimu wa kuchora matuta. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, utawaona watu watatu wakishuka shambani na vijiti viwili, kamba ya mita 10 na pimamaji ndogo inayoenea kwenye mfuko wa shati. Hawana kingine. Majembe yatakuja baadaye.

Asiyeijua kazi hiyo hudhani wataanza kwa kuupima mteremko. Wao huanza kwa kukipima kipimo. Kijiti kimoja kinasimamishwa juu ya jiwe hapa, cha pili juu ya jiwe kule. Kamba inavutwa baina yao, ikiwa imefungwa kwenye alama zilizochongwa kwa urefu uleule, na pimamaji inaning'inizwa katikati kabisa. Mtu wa katikati anachuchumaa mpaka jicho lake liwe sawasawa na kichupa cha kioo. Anaashiria kwa kiganja, juu kidogo, chini kidogo, hadi kiputo cha hewa kitulie baina ya mistari miwili. Kisha vijiti vinabadilishana mawe: cha kule kinakuja hapa, cha hapa kinakwenda kule. Kiputo kikirudi palepale, vijiti vinalingana. Halafu pimamaji yenyewe inageuzwa kwenye kamba, kushoto kuwe kulia. Ikitoa jibu lilelile, kazi inaweza kuanza.

Dakika hizo kumi ndizo ninazotaka kuzisifu. Watu husifu mavuno, husifu maembe ya Makueni na ndengu za Kitui, na hata matuta yenyewe yakishaota nyasi huwa na uzuri wa kupigiwa picha. Lakini kila kitu kinachokaa imara kwenye miteremko yetu kilianza kwa watu waliokubali kukishuku chombo chao kabla ya kuishuku ardhi.

Nilijifunza haya nikiwa mtoto, kwa susu, kama tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Susu hakuingia darasani hata siku moja, lakini katika kikundi chake cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa katikati, yule ambaye wengine humtazama usoni kabla ya kupigilia kigingi. Vijana walipotaka kuharakisha, alikuwa na neno moja tu: "Iulizeni kamba kwanza." Akaigeuza pimamaji, akachuchumaa tena, na hakuna aliyebishana naye. Kumpinga susu kungewezekana. Kukipinga kile kiputo hakungewezekana.

Matuta haya huitwa fanya juu, jina la Kiswahili lililosafiri mbali. Limo katika vitabu vya kilimo vya lugha za kigeni bila kutafsiriwa. Unachimba mtaro unaokata mteremko, upana kama sentimita 60 na kina kama hicho, na udongo wake unautupa upande wa juu. Ni kazi inayochosha mabega, kwa kuwa kutupa chini ni rahisi zaidi, na wapo wanaofanya chini mahali panapofaa. Baina ya mtaro na tuta unaacha ukingo wa shubiri moja au zaidi ili udongo usirudi ulikotoka. Juu ya tuta unapanda nyasi, makarikari au nepia, zishike udongo kwa mizizi na zimlishe ng'ombe kwa majani. Mtaroni wengine hupanda migomba na mipapai, maana hapo unyevu hukawia kuondoka.

Baada ya hapo kazi hupokewa na wengine. Kila mvua inateremsha udongo kidogo mpaka nyuma ya tuta, kila palizi inausogeza kidogo zaidi, na kila msimu wa kiangazi mwenye shamba analiinua tuta kwa udongo uliojaa mtaroni. Mwaka hadi mwaka, kipande cha ardhi kilicho baina ya tuta na tuta kinapunguza mwinamo wake, hadi siku moja unagundua kuwa shamba lililokuwa paa la nyumba limekuwa ngazi. Hakuna aliyeijenga ngazi hiyo kwa mkono. Mtu alichora mstari, halafu mvua na jembe vikajenga. Ndiyo sababu mstari ukiwa wa uongo, mvua na jembe vitajenga uongo huohuo, kwa bidii ileile.

Kamba ileile ndiyo inayoupima ukali wa mteremko. Mwenye kijiti cha juu anaiteremsha kamba kwenye kijiti chake polepole mpaka kiputo kitulie. Ikiwa imeshuka sentimita 120 katika mita 10, mteremko ni asilimia 12. Kisha inakuja hesabu ambayo maofisa wa kilimo nchini Kenya wamewafundisha wakulima kwa miaka mingi: gawa asilimia hiyo kwa 4, jumlisha 2, zidisha kwa 0.3. Kwa asilimia 12 unapata mita 1.5, nayo ndiyo tofauti ya kimo kati ya tuta moja na jingine. Ardhini, ni mita 12 na nusu hivi. Mteremko wa asilimia 20 unadai matuta yakaribiane hadi mita 10 na nusu. Susu hakuijua hesabu hiyo kwa tarakimu. Aliijua kwa hatua zake, na aliyekuja na karatasi akakuta vigingi vya susu viko karibu mno na mahali ambapo karatasi ilivitaka.

Kazi ngumu ya jicho huanza kwenye mstari wenyewe. Mwenye kijiti cha nyuma anasimama kwenye kigingi cha mwisho. Mwenye kijiti cha mbele anatembea hadi kamba ikaze, kisha anatafuta, akipanda na kushuka mteremko kwa unyayo mmoja mmoja, huku mtu wa katikati akiashiria. Kiputo kinayumba, kinakaribia, kinapita, kinarudi. "Hapo!" Kigingi kinagongwa. Wanahama. Kijiti hakisimamishwi juu ya kichuguu wala ndani ya tundu la panya, maana sentimita tano za kichuguu zitakuwa sentimita tano za uongo. Kamba hailegezwi. Upepo ukivuma, wanangoja. Jua likipanda na kamba ikaanza kulegea, wanasimama na kuiuliza upya.

Fikiria kosa la sentimita moja katika kila hatua ya kamba. Ni kama unene wa kidole. Nani atalijali? Lakini likielekea upande mmoja daima, baada ya mita 100 limekuwa sentimita 10. Kwa hiyo tuta lako, ambalo kwa macho limenyooka vizuri, upande mmoja ni wa chini kuliko mwingine kwa zaidi ya upana wa kiganja. Mvua ya kwanza kubwa itakwenda kukusanyika huko, tuta litazidiwa, litapasuka, na maji yaliyopata mlango hayatarudi kuomba ruhusa. Yataangukia tuta la pili yakiwa na nguvu maradufu, na la tatu, na asubuhi utakuta korongo mahali ulipopanda kunde.

Sisemi haya kwa kusoma. Nilipopata shamba langu la kwanza nilikuwa na haraka ya kijana. Kamba niliyonunua ilikuwa mpya, ya nailoni, inang'aa, nami nikaona kuijaribu ni kuitukana. Sikugeuza vijiti. Sikugeuza pimamaji. Kumbe fundo moja lilikuwa limeteleza kutoka kwenye alama yake, kiasi cha vidole viwili hivi. Novemba ile mvua ilinyesha usiku kucha, na kulipokucha tuta langu la tatu lilikuwa limefunguka kama mdomo, na chini yake mengine mawili yamebomoka. Udongo mwekundu wa miaka mingi ulikuwa unaelea mtoni. Nilisimama pale nikiwa na jembe begani, na neno la susu likanijia kama vile yuko nyuma yangu.

Mwezi wa Februari 2018 Wakenya wengi tulimjua kwa mara ya kwanza Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya katika mbio za kushuka milima ya theluji kwenye Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini. Tangu hapo nimeufuatilia mchezo huo kwa udadisi wa mtu wa milimani. Nikagundua kuwa nyuma ya mbio zile fupi kuna ufundi unaofanana sana na wa susu. Usiku mashine huilainisha theluji, huisawazisha na kuishindilia hadi mteremko uwe kama kitambaa kilichopigwa pasi. Alfajiri, kabla haujachimbika, mkimbiaji wa slalomu hupanda na jozi kadhaa za skii. Wanaume kwenye mashindano makubwa hutumia skii zisizopungua sentimita 165, wanawake zisizopungua 155. Ni fupi, kwa sababu kazi yake ni kugeuka, na kugeuka tena, baina ya nguzo na nguzo. Kingo zake za chuma hunolewa kwa tupa kwa pembe iliyopimwa. Mkimbiaji hushuka na jozi moja, akapanda, akashuka na nyingine kwenye mteremko uleule. Akibadilisha skii, habadilishi njia. Akibadilisha pembe ya makali, habadilishi skii. Kwa kuwa ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua ni lipi lililokujibu.

Neno slalom lenyewe ni la Kinorwe, na limeundwa na maneno mawili: mwinamo, na njia au alama iliyoachwa juu yake. Njia kwenye mwinamo! Nilipolifahamu hilo niliiona miteremko ya Mbooni kwa macho mapya. Mkimbiaji akishuka moja kwa moja, mlima utambeba na kumtupa. Kila anapogeuka kuukata mteremko, anauchukua mwendo wake mikononi mwake tena. Maji ya mvua nayo yanataka kushuka moja kwa moja, na yakiachwa yatachukua kila kitu. Tuta ni nguzo inayoyaambia: geuka, tulia, kaa. Wale wanatengeneza mteremko kwa usiku mmoja ili chombo kijaribiwe asubuhi. Sisi tunakijaribu chombo kwa dakika kumi ili mteremko utengenezwe kwa miaka 30. Wao na sisi tunajua kwamba ardhi iliyoinama haina huruma kwa mtu anayekisia.

Watu wa huku wamelipa gharama kubwa kulijua hilo. Katika miaka ya 1930 Ukambani ilikuwa mfano uliotajwa na serikali ya kikoloni kila ilipozungumzia ardhi iliyoharibiwa na mmomonyoko. Wakamba walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka ya hifadhi waliyotengewa, huku ardhi kubwa ya malisho ikiwa mikononi mwa walowezi, na dawa iliyoletwa ilikuwa kuwanyang'anya ng'ombe. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kumwona gavana. Alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kurudi nyuma; leo mtaa mmoja katikati ya Nairobi una jina lake. Baadaye yakaja matuta ya amri, kazi ya kulazimishwa chini ya usimamizi wa machifu, na wazee wa kijijini kwetu waliyazungumzia kwa uchungu hadi walipokufa.

Kwa miaka mingi nilijiuliza ni vipi watu waliochukia matuta kiasi hicho ndio hao hao waliokuja kuyachimba kwa mikono yao wenyewe, bila kiboko. Jibu nililipata nikimkumbuka susu. Katika matuta ya amri, kamba ilikuwa mkononi mwa ofisa. Mkulima alipewa jembe tu. Hakuulizwa mstari upite wapi, na hakuruhusiwa kuukagua. Katika mwethya, ule utamaduni wa Kikamba wa kusaidiana kazi leo kwako kesho kwangu, kamba ilirudi kwa wenye shamba. Wanawake, ambao wengi wao waume zao walikuwa wakitafuta kibarua Nairobi na Mombasa, walikusanyika shamba kwa shamba, wakaimba, wakachimba. Kuanzia mwaka 1974 mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo, uliosaidiwa na Sweden, uliwaunga mkono kwa mafunzo na zana. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992. Walionyesha kuwa kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka karibu mara sita, ilhali mmomonyoko ulipungua. Ulimwengu ulistaajabu. Susu, kama angesomewa kitabu hicho, angeuliza tu nani aliyekuwa ameshika kamba.

Nikivuka mto Athi kwenda kwa shangazi yangu Kitui, ufundi uleule unabadilika sura. Huko kwake mashamba yameinama kidogo tu, asilimia 4 pengine, na kwa hesabu ile ile matuta yanaachana kwa zaidi ya mita 22. Mtu wa Mbooni atacheka aseme hapa hapana mteremko. Lakini ardhi ya namna hiyo ndiyo inayodanganya jicho. Siku moja nilimsaidia jirani wa shangazi, mzee aliyeishi kwenye shamba hilo maisha yake yote. Alituhakikishia kuwa maji yake yanaelekea mashariki. Tuliijaribu kamba mbele yake, tukageuza vijiti, tukageuza pimamaji, kisha tukapima. Kiputo kilituonyesha magharibi. Mzee alinyamaza. Akaomba achuchumae mwenyewe. Alikaa pale muda mrefu, jicho kwenye kioo, kofia mkononi, kisha akasema, "Basi ndiyo maana mbaazi za upande ule hukauka." Aliamini kwa sababu aliona chombo kikijaribiwa kabla ya kutoa hukumu. Tungepima bila kujaribu, ingekuwa neno letu dhidi ya lake, na haki ingekuwa yake.

Maji yanayowashinda mashambani, watu wa Kitui huyapata tena mtoni. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL na vikundi vya wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu: ukuta unakingama mtoni, mchanga unajaa nyuma yake, na ndani ya mchanga huo maji hujificha mbali na jua. Lakini bwawa la mchanga linataka mchanga, si matope mepesi ya mashamba yaliyobomoka. Kwa hiyo hata ukuta wa saruji kule bondeni unategemea vigingi vilivyopigiliwa vilimani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Ukambani tumejua kwamba hata ukishajenga ukuta, ufa bado unakungoja huko juu.

Siku hizi kuna simu zinazochora ramani za mwinamo na vyombo vya miale vinavyopima kwa nukta. Nimeviona, na navipenda. Binti yangu anavitumia vizuri kuliko mimi. Nilichomsisitizia ni kimoja tu: kila asubuhi akipime kwanza chombo chake, akigeuze, akiulize swali ambalo jibu lake tayari analijua. Chombo kipya kinang'aa, na mng'ao humfanya mtu aone haya kuuliza.

Mwaka jana mvua ya kwanza ya Novemba ilituvamia saa tatu usiku. Tulikuwa tumechora upya lile tuta langu la tatu kiangazi kilichotangulia, binti yangu akiwa mtu wa katikati. Nilichukua jembe, naye akachukua tochi na koleo, tukatoka bila kusemezana. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa kishindo, lakini shambani, nyuma ya tuta, kulikuwa na utulivu. Maji yalikuwa yamesimama. Binti yangu alichomeka kijiti mwanzo wa tuta, akaweka kidole pale maji yalipofika. Tukatembea hatua 80 tukiteleza kwenye udongo, hadi mwisho wa mstari. Akakichomeka tena.

Maji yalifika kwenye kidole kilekile.

Alinimulikia tochi usoni, akicheka, nywele zikimchuruzika. Kisha akaelekea kwenye tuta la nne, kulipima nalo.